Nusu kwa Nusu

Apeduno aliingia katika banda la video la Echodu, pale Malaba, akiwa na kuku kwapani na flashi mkononi.

"Kuku ni wako," alisema. "Na wewe Jumapili saa tisa unionyeshee hii sinema."

Echodu ndiye aliyekuwa akitafsiri sinema za Kizungu kwa maikrofoni, huku akiwapa waigizaji maneno ya watu wa mpakani. Aliichomeka flashi, akatazama dakika mbili, akakuna kichwa.

"Mama, hii ni ya kitambo. Haina rangi. Haina hata bunduki moja! Madereva wangu wa trela watalala."

"Wacha walale. Si wao ninaowaleta."

Aliowaleta ni kaka zake wawili. Omuse, mkubwa, alikuwa mkulima wa Amukura na kiongozi wa kwaya kanisani. Okiria, mdogo, alikuwa wakala wa mizigo mpakani, mtu wa tai na simu mbili. Walikosana siku tatu baada ya kumzika mama yao, wakigombania kipande cha shamba kinachogusa barabara. Omuse alisema ni chake kwa kuwa ndiye mkubwa. Okiria alisema ni chake kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama. Chifu alichoka kuwasikiliza, akaamuru asikiguse yeyote kati yao mpaka wapatane. Miaka sita ilipita.

Apeduno, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kule Tororo kuvunjika, ndiye aliyebaki katikati. Alijenga kinyumba cha mabati kwenye kipande hicho hicho kando ya barabara, akapanda mihogo, akawa mjumbe wa pande zote mbili. Krismasi alipika mara mbili. Mtoto wa Omuse alipolazwa hospitali ya Nangina, Okiria alimpa Apeduno trei ya mayai ampelekee. "Lakini usiseme ni mimi," alisema, na macho yake yakatazama kwingine.

Apeduno aliyapeleka yale mayai akilia njia nzima.

Sinema yenyewe aliiona mara moja tu, zamani, alipokuwa shule ya masista. Ilihusu mji mdogo wenye kinu cha unga, baba aliyekufa, na ndugu wawili waliokula meza moja kwa miaka bila kusemezana. Hakuwahi kuisahau. Juzi mpwa wake aliipata kwenye simu, akamwekea kwenye flashi.

"Wanaongea nini mwishoni?" Echodu aliuliza. "Kizungu chao ni cha puani. Sishiki vizuri."

"Mimi nitakwambia cha kusema. Yule mkubwa akishika mlango, wewe sema: ndugu yangu, tulinyonya ziwa moja. Kinachotutenganisha ni kipande cha udongo. Tukigawe nusu kwa nusu, yaishe."

Echodu aliandika kiganjani. "Nusu kwa nusu," alirudia. "Hiyo ni nzuri."

Jumapili Omuse alikuja kwa kuwa aliambiwa ni sinema ya dini. Okiria alikuja kwa kuwa aliambiwa ni sinema ya biashara. Walipoonana, kila mmoja aligeuka kutoka, lakini Apeduno alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Wakakaa, mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma.

Madereva walinung'unika kidogo, kisha wakanyamaza. Echodu siku hiyo hakutafsiri, alihubiri. Mji wa Wazungu aliuita Amukura. Kinu cha unga alikiita posho mill ya kwa Elungat. Mama wa ndugu wale wa sinema alipokaa mezani peke yake, sahani tatu mbele yake, dereva mmoja mnene wa trela alivua kofia akajifuta uso.

Kisha yule kaka mkubwa akashika mlango. Echodu akashusha sauti, akayasema yote kama alivyoagizwa.

Mbele, mabega ya Omuse yalianza kutikisika. Nyuma, Okiria alikuwa amefunika uso kwa tai yake. Taa zilipowashwa Omuse aliinuka, akapita katikati ya mabenchi mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," alisema. "Yale mayai. Nilijua."

Okiria aliinuka. Walikumbatiana mpaka benchi likaanguka, na madereva wakapiga makofi kana kwamba timu yao imefunga bao.

Jioni ile Apeduno alipika chungu kimoja. Omuse alimnawisha mdogo wake mikono. Walikula sahani moja, wakamkumbuka mama yao, wakacheka hadi majirani wakaja kuchungulia.

"Dada, Mungu akubariki," Omuse alisema. "Bila wewe tungezikana bila kusemezana."

"Hata mimi sasa nitalala," Apeduno alijibu, na kweli alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa miaka sita.

Aliamshwa asubuhi na kicheko cha kaka zake nje ya dirisha. Walikuwa wamekuja mapema na kamba na vigingi, bega kwa bega, wakiitana majina ya utotoni. Aliwachemshia chai, akawapelekea pale pale kwenye mihogo. Walimshukuru kwa adabu, wakarudisha vikombe, wakaendelea kupima. Kwa kipimo chao cha nusu kwa nusu, kamba ilipita katikati ya jiko lake.

Saa nne, kwa mara ya kwanza tangu walipobeba jeneza la mama yao, Omuse na Okiria walibeba kitu pamoja: kitanda cha Apeduno, mmoja akishika mbele, mwingine nyuma, polepole wasikikwaruze, mpaka ng'ambo ya barabara.