Daftari la Mzee Shomvi

Kuruthumu wa mapokezi alikuwa na sheria moja: hakuna daftari, hakuna daktari. Wagonjwa wa presha walirundika madaftari yao dirishani kwake, kisha wakakaa kwenye benchi kusubiri majina. Sauti yake ilifika mpaka barabarani.

Asubuhi hiyo Bi Zawena alikuja peke yake. Miaka yote walikuwa wakija wawili, yeye na mumewe, wakibishana presha ya nani imepanda zaidi. Mzee alizikwa mwezi uliopita. Kuruthumu mwenyewe alikwenda kuhani.

Zamu ya Bi Zawena ilipofika, Kuruthumu akafungua daftari ili aite. Likasomeka: Shomvi. Bi Zawena alikuwa amebeba la marehemu.

Watu walisharudishwa nyumbani kwa makosa madogo kuliko hilo. Kuruthumu akatazama benchi. Pamoja na msongamano wote ule, Bi Zawena alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake.

Hakuita. Akachukua daftari jipya, akaandika jina la mama yule, akatoka na yote mawili nje ya dirisha lake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamwinamia sikioni.

"Mama, ingia na hili. La baba nenda nalo nyumbani, ulitunze."

Bi Zawena akalipapasa daftari la mumewe, lililojaladiwa kwa karatasi ya kalenda.

"Liache hapa hapa, mwanangu. Kule nyumbani kumekuwa kimya mno."

Kuruthumu akarudi nalo dirishani, akaliweka kwenye rundo na kuendelea kuita. Kila alipolifikia daftari la Mzee Shomvi, alilirudisha chini ya rundo, taratibu, na rundo likazidi kupungua.