Hodi ya Pili

Saa 12:40 jioni Salha aliona kutoka dirisha la juu kwamba mlango wa gereji uko wazi, na hakuna gari. Siku hizi milango yote ya nyumba haina vitufe. Hufunguka mwenyeji akisema "karibu".

Alishuka jikoni. Mama mkwe wake, Bi Rukia, alikuwa anakula wali.

"Mama, umemkaribisha nani?"

"Wewe. Umepiga hodi, nikaitika."

"Nilikuwa juu, namlaza mtoto."

"Basi masikio yangu yamezeeka, hata sauti ya mkwe wangu siijui."

Salha alisoma kumbukumbu ya mlango kwenye simu. Saa 12:38, hodi, sauti ya Salha. Saa 12:39, karibu, sauti ya Rukia. Wakasikia mlango wa gereji ukijifunga. Kati ya gereji na jikoni ulibaki mlango mmoja.

"Mama, ukisikia hodi nyingine usiitike."

"Nisiitike hodi nyumbani kwangu? Nimekuwa mshenzi?"

Nyuma ya mlango huo sauti ya Salha ikasema, "Hodi."

Bi Rukia alimtazama Salha, aliyesimama mbele yake amefunga mdomo.

"Karibu," akaitika, kwa mazoea.

Mlango wa jikoni ulifunguka saa 12:43.