Pointi za Mzee Anselmo

"Usichechemee bado, hatujafika," Leonila alimwambia mumewe waliposhuka kwenye basi mjini Bacolod.

"Nafanya mazoezi," Anselmo alijibu, akaendelea kuburuta mguu wa kulia.

"Jana ulikuwa wa kushoto."

Mzee Anselmo Magbanua akasimama, akafikiri, akabadilisha mguu.

Kijijini kwao, kati ya mashamba ya miwa, mwaka ule watu hawakuwa na mazungumzo mengine ila pointi. Sheria ilikuwa imepitishwa kwamba wote walioteswa enzi za dikteta walipwe fidia, na kila mmoja angepewa pointi kulingana na yaliyompata. Jirani yao Teroy alipata nne. Tangu siku hiyo alitembea kama askofu. Anselmo alikuwa haombi makubwa. Alitaka tano.

Kisa chake kila mtu alikijua. Alikuwa kiongozi wa chama cha wakata miwa. Jioni moja ya mwaka 1974 askari walimchukua, wakamzaba makofi, wakamwachia alfajiri. Rafiki akamnong'oneza kwamba watarudi. Siku hiyohiyo Leonila akaenda kukaa kwa mama yake mji mwingine, naye Anselmo akavuka maji hadi kisiwa cha Panay, akajificha mwaka mzima kwenye shamba la minazi, akijiita kwa jina la marehemu mjomba wake.

"Na barua je?" alizoea kuongezea, akimnyooshea mkewe kidole mbele ya wageni. "Nilimpenyezea huyu barua tisa kwa mkono wa muuza samaki, nikamweleza nilipo, mpaka mti niliolala chini yake. Hakujibu hata moja! Jamani, huyu ni mke?"

"Ya kwanza ilinitosha," Leonila alijibu, akimmenyea kitumbua cha mchele kilichofungwa kwenye jani la mgomba. "Mwandiko wenyewe kama kuku kaparua."

Wageni walicheka. Walicheka kila mara, miaka arobaini.

Barua ya ofisi ya fidia ilipofika, Leonila ndiye aliyeisoma, kwa sababu Anselmo alikuwa ameikalia miwani yake. Aliisoma kimya, akaikunja.

"Tumeitwa," akasema.

"Nimeitwa," Anselmo akamsahihisha.

Leonila akamtazama kidogo. "Haya. Umeitwa."

Ofisini kulijaa wazee. Mmoja alionyesha kovu, mwingine akasema hilo si kovu, ni upele. Mwanamke mwenye nywele nyeupe pe alipomwona Leonila aliinuka, akampisha kwenye kiti chake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie.

"Unamjua?" Anselmo aliuliza.

"Tulikaa pamoja zamani."

"Wapi?"

"Mguu, mzee."

Anselmo akagundua kwamba amesimama wima kama mlingoti. Akauburuta upesi.

Walipoitwa dirishani walimkuta binti wa miaka ishirini na kitu. Anselmo hakumpa nafasi hata ya kusalimu. Alimwaga yote: makofi, minazi, jina la marehemu mjomba, mbu wa Panay ambao ni wakubwa kuliko mbu wengine. Binti alisikiliza kwa adabu, kisha akatafuta kwenye kompyuta.

"Anselmo Magbanua. Ndiyo, ombi lako lipo, mzee. Kuzuiliwa usiku mmoja. Pointi moja."

"Moja?" Sauti yake iligeuza vichwa vya foleni nzima. "Teroy kapata nne, na siku waliyomkamata alikuwa amelala barabarani kwa ulevi!"

"Mwongeze nusu, mwanangu," Leonila alisema. "Kachechemea tangu stendi."

Binti aliuma mdomo asicheke. Akanyoosha mkono apewe barua waliyokuja nayo. Leonila alikawia kuitoa mkobani, hata Anselmo akamnyang'anya na kuipitisha dirishani mwenyewe.

Binti aliisoma. Akaisoma tena. Akarudi kwenye kompyuta.

"Hii ni pointi nane," alisema polepole.

"Nane!" Anselmo alipiga meza kofi, akageukia foleni. "Mmesikia? Nane! Wamehesabu na mbu!" Watu wakapiga makofi. Akamkumbatia mkewe, akamwinua karibu aiache sakafu, yeye mwenyewe kasimama kwa miguu miwili mizima. "Sikukwambia? Serikali ina macho! Teroy ataniamkia shikamoo!"

"Atakuamkia," alisema Leonila. Hakuwa anatabasamu tena. "Basi, mzee wangu, umezipata. Twende tukawahi basi."

"Samahani, mama," binti alisema. "Sheria inanitaka nisome kwa sauti, halafu mhusika aweke dole gumba."

Leonila akaegemea dirisha. "Usisome, mwanangu," alimwomba kwa sauti ya chini. "Mwachie tu nane zake."

"Asome!" Anselmo alisema, akivuta shati lake likae sawa. "Asome watu wote wasikie!"

Binti aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Akakohoa, akasoma:

"Leonila Magbanua. Kwa ushahidi wa wanawake sita waliofungwa naye. Alichukuliwa nyumbani kwa mama yake, akawekwa kambini miezi kumi na mmoja, akavunjwa mkono mara mbili. Kila siku aliulizwa swali moja tu: mumewe amejificha wapi."