Mistari ya Profesa

Profesa alikuwa ameshafika getini, kibodi yake kwapani, ndipo akageuka na kusema kwa mara ya tatu, "Mistari iacheni kwenye skrini. Msiipeleke kwenye faili."

"Nenda ukapumzike, mzee wangu," alijibu Cheti, akamfungulia geti kwa mkono wake.

Profesa ndiye aliyeandika programu ya kituo kile cha kutotolesha vifaranga, na baada ya miaka tisa alikuwa anastaafu. Mashine ya mayai ilijipasha yenyewe. Programu ilikuwa na kazi moja tu: kutangaza joto la ndani. Kila dakika mstari mmoja ulitokea kwenye skrini, ukasukumwa juu na wenzake, ukapotea. Wafanyakazi walipita mbele ya skrini ile wakinyata, kama mtu anayepita mbele ya mkwe.

Mrithi wake alikuwa mdogo wa mke wa meneja. Walimwita Cheti, maana alitundika vyeti vitatu ukutani kabla hajashika yai hata moja.

"Mstari unaotoroka una faida gani?" alisema. "Joto liandikwe kwenye faili. Mtu akitaka la jana, anafungua."

Akafanya hivyo asubuhi ileile. Skrini ikawa nyeusi, safi. Baada ya nusu saa akafungua faili. Tupu. Akaizima programu, akaiwasha upya. Nusu saa nyingine, tupu. Akazima tena, akawasha tena.

"Shemeji, umeiua," meneja alisema.

"Sijaiua, shemeji. Imenuna tu."

"Basi ikifika saa tisa bado imenuna, namrudisha Profesa kwa cheo cha juu, na wewe unarudi kwa dada yako. Utamweleza mwenyewe."

Profesa alipopigiwa simu alicheka hadi akakohoa. "Kwenye skrini programu husema hapohapo. Kwenye faili hukusanya maneno kapuni kwanza, na kapu halijai chini ya saa mbili. Ukiizima kabla, umetupa kapu zima. Mwambieni huyo fundi wa ukutani arudishe nilivyoacha."

Mama Trei, mgeuzaji wa mayai, hakujisumbua kunong'ona. "Vyeti vitatu, kapu moja limemshinda!"

Cheti hakurudisha kitu. Saa sita na nusu mchana aliiwasha programu kwa mara ya mwisho, akakalia mikono yake asije akagusa.

Saa saba umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri. Mashine ya mayai haikuwa nayo. Saa nzima Mama Trei na wenzake waliihangaikia kwa mablanketi na magunia, na kipimajoto cha kioo kilichoning'inia ndani kikashuka hadi nyuzi thelathini na mbili. Cheti hakunyanyuka kitini.

"Njoo ushike gunia, bwana mkubwa!"

"Mimi nasubiri ushahidi, mama. Faili litaonyesha joto lilivyoshuka, dakika kwa dakika. Skrini ya mzee wenu ingewaonyesha hilo?"

Saa tisa kasoro dakika kumi, kapu lilijaa. Mistari mia moja na arobaini ilimwagika kwenye faili kwa mpigo mmoja. Cheti aliruka, akapiga meza, akawaita wote. Meneja aliinama, akaanza kusoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kuanzia saa sita na nusu hadi mwisho, na ile saa ya umeme kukatika ikiwemo.

Mistari yote ilisema nyuzi thelathini na saba na nusu.

Ijumaa Profesa aliagwa rasmi, kwa hotuba ya meneja. Vifaranga walitoka wiki iliyofuata, mia saba pungufu. Cheti sasa anabeba trei. Meneja alilifuta faili mwenyewe, akairudisha mistari kwenye skrini, na Mama Trei akapewa kipimajoto cha pili bila maelezo yoyote.