Amri ya Tai Kuhusu Kelele

Tai, mkubwa wa ndege wote, alipiga marufuku kelele angani. Aliyeumia zaidi ni Kwarara, ambaye hajawahi kuruka bila kupayuka.

"Mheshimiwa, kwenye ukungu hatuonani," alisema Kwarara. "Nikipiga kelele, wenzangu wanajua nilipo."

"Ndege mwenye heshima zake hapayuki njiani," alijibu Tai. "Mimi umewahi kunisikia?"

Kwa kweli, hakuna aliyewahi kumsikia.

Asubuhi moja ukungu ulifunika mlima. Tai alikuwa akishuka kwa kasi, Kwarara akipanda, kila mmoja kafunga mdomo wake. Ghafla Kwarara aliona kivuli kikubwa kikimjia usoni. Akasahau amri, akapayuka kwa nguvu zake zote: "Nipo hapaaa!"

Tai akajipinda ubavu. Wakapishana kwa nafasi ya unyoya mmoja.

Walitua kwenye jabali, wote wawili wakihema.

"Umevunja amri," alisema Tai.

"Nimeivunja, Mheshimiwa. Niadhibu."

"Amri imefutwa. Kwenye ukungu, kila ndege apige kelele."

"Na wewe?"

Tai alitazama kulia na kushoto, kisha akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba, kama ya kifaranga aliyepotezana na mama yake. Kwarara alielewa papo hapo amri ile ilikotoka, lakini hakucheka.

Tangu siku hiyo, ukungu ukitanda, husikika kifaranga akilia juu kabisa, na ndege wote humpisha.