Mashujaa wa Ghala la Asali

Paliondokea ghala la asali, mkuu wake Nyegere. Siku moja akawagawia wafanyakazi karatasi. "Semeni kweli kama majike wanaonewa hapa kazini. Msiandike jina. Andikeni jike au dume, basi."

Kindi akatazama huku na huku. Jike alikuwa yeye peke yake! Akisema kweli, kibarua kitaota nyasi. Akaandika "dume".

Kesho yake Nyegere akasoma mbele ya wote: "'Kindi ndiye anayerina asali yote, nasi tunamtuma chai. Ni aibu.' Lo, dume huyu ana moyo! Ajitokeze, nimpe usimamizi."

Madume sita wakanyoosha mikono.

"Ni mimi, bwana mkubwa," akasema Fungo, ambaye jana tu alimfokea Kindi kwa kuchelewesha chai.

"Malizia basi kuisoma, mzee," Kindi akamwambia Nyegere kwa upole.

Nyegere akamalizia: "'Kuanzia leo chai nitapika mimi.'"

Mikono yote ikashuka.

"Sasa chai nani atapika?" Nyegere akauliza.

"Si huyo shujaa wenu?" Kindi akajibu, akapanda zake mtini kurina.

Mpaka leo ghala lile lina mashujaa sita na sufuria kavu.