Kumsaka Jogoo wa Thika

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 11 Machi 1999, saa nne asubuhi, wanaume wawili wenye tai walipoingia kwenye duka la Mwanamisi pale Ruiru na kuanza kuipekua kompyuta kama watu wanaotafuta bangi ndani ya godoro. Mmoja aliinua kibodi, akachungulia chini yake.

"Barua ziko wapi?"

"Barua gani?" Mwanamisi akauliza.

"Za intaneti."

Mzee Gichuru, aliyekuwa kwenye benchi akingoja zamu yake, alikohoa ili asicheke. Ndio hao wanaoitwa wakubwa. Wamesomeshwa kwa kodi yetu, wamepewa tai na gari, halafu wanatafuta barua za hewani chini ya kibodi.

Yule wa pili, Bwana Kilonzo wa ofisi ya simu, alitoa bahasha ya kaki iliyofungwa. Alisema kuna mhuni anayejiita Jogoo wa Thika. Anawatukana wakubwa wa simu kwenye baraza la Wakenya walio ng'ambo, lile linalosomwa kwa kompyuta, na huko watu wanacheka mpaka wanalia. Juu ya kila tusi imeandikwa anwani ya duka hili.

"Anwani yangu inatumiwa na watu mia mbili," Mwanamisi akasema. "Nani hapa ana yake? Nionyeshe hayo maneno, nitakwambia ni ya nani."

"Haiwezekani. Maneno ni siri."

"Si umesema dunia nzima imeyasoma?"

"Dunia si wewe, mama."

Akampa mpaka Jumatatu. Amlete huyo Jogoo, ama laini ikatwe na kompyuta ibebwe.

Hapo Gichuru hakuona tena cha kuchekwa. Kompyuta ile ndiyo kitu pekee kilichobaki kati yake na Ngina, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa Amerika akiosha wazee mchana na kusoma jioni. Kupiga simu ng'ambo ni mambo ya matajiri. Tangu mkewe Gathoni alipofariki miaka miwili iliyopita, kila Alhamisi Gichuru alitoka kwake Kiganjo, kule Thika, akaja kukaa kwenye benchi lile na kumwaga ya moyoni. Shule aliiachia darasa la tatu. Mwanamisi alimwandikia, neno kama lilivyotoka mdomoni, hata yale ambayo mke wa mtu hafai kuyaandika, na wiki iliyofuata akamsomea majibu.

Majibu yenyewe yalijaa vialama: nukta mbili, kistari, mabano.

"Hii ni nini? Uchafu wa printa?" aliuliza siku moja.

"Ni uso unacheka, Baba Ngina. Umelala ubavu."

"Amerika hata kicheko kinalala! Na hao ndio wanatufunza kutawala?"

Lakini alifurahi, maana Ngina hakuchoka kumwambia: andika tena baba, andika zaidi, huku mimi na wenzangu tunaingoja Alhamisi kama sikukuu.

Basi siku zile nne Gichuru alimsaka Jogoo kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Alimshuku mwalimu mmoja wa Kalimoni, kwa sababu ya miwani. Alimshuku muuza magazeti wa Githurai, kwa sababu ya kujua mambo. Wote walimfukuza.

"Huyo ni mwoga tu," alimwambia Mwanamisi Jumapili. "Mwanamume akitaka kumtukana mkubwa anamtukana mchana, kwa jina lake. Si kujificha kwa jina la kuku halafu mwingine anyang'anywe kazi."

"Na wewe umewatukana mara ngapi hapa kwangu?" Mwanamisi akacheka.

"Mimi namwandikia mtoto wangu. Hayo ni ya nyumbani."

Jumatatu walifika ofisi ya simu Thika saa mbili. Waliingizwa saa tano, kwa sababu Bwana Kilonzo alikuwa anakunywa chai, na chai ya serikali haina mwisho. Gichuru alikuwa amevaa koti lake la harusi.

"Mmemleta?"

"Hatujampata, mkubwa," Gichuru akasema, na lile neno mkubwa lilimkwaruza koo. "Lakini mama huyu hana makosa. Yeye anaandika tu anachoambiwa, kama karani wa korti. Weka kwa karatasi kwamba mimi Gichuru wa Kiganjo nimesema: nikimjua huyo Jogoo, nitamleta hapa mwenyewe, nimemshika sikio. Afungwe yeye. Duka liachwe."

Kilonzo aliyapenda maneno hayo. Raia mwema, mzee tena, amejileta kwa miguu yake. Akaandika, akasoma kwa sauti, akasukuma kisanduku cha wino. Gichuru akabonyeza kidole gumba.

"Haya basi. Duka libaki. Kuanzia sasa kesi ni ya Jogoo peke yake."

Mwanamisi alishusha pumzi, akampiga Gichuru begani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kwa Gichuru kuona amewapokonya hao watu kitu mkononi.

"Ila shahidi lazima asikie kile anachokitolea ushahidi," Kilonzo akasema. "Ndiyo sheria." Akapasua bahasha, akakunjua karatasi, akaishika kwa ncha za vidole kama nepi ya mtoto, akasoma:

"'Ngina, mami. Hizo mbwa za simu bado zinanona tu. Ile siku mama yako alikuwa anakata pumzi, nilikimbia na shilingi mkononi mpaka simu ya barabarani niite gari la wagonjwa, nikakuta waya umeng'olewa. Fundi mmoja ameninong'onezea kwamba ulipelekwa kwa mkubwa fulani nyumbani, awekewe simu ya tatu, ya chooni. Wewe ndiye umesoma, mami. Niambie, huyo mkubwa anaitwa nani?'"